Mtamba wa Flora

Nasema wazi mimi Hajira: wazo la kuazima ng'ombe lilikuwa langu. Dada Evodia alikubali kwa sababu ya hofu tu, na ningekuwa yeye hata mimi ningeogopa.

Evodia ni jirani yangu hapa Mungaa. Mjane, mkulima wa uwele na alizeti, na mdomo wake haujui kupumzika. Anamlea mjukuu wake Flora, aliyefiwa na mama akiwa mdogo. Flora yuko darasa la saba. Sare, madaftari na matibabu yake vyote vinatoka kwa mfadhili, Mama Helga wa Ujerumani, kupitia kituo cha watoto cha kanisa, na mwakani ndiye atakayemlipia sekondari ya bweni. Hawajawahi kuonana, wanaandikiana barua tu. Mwaka juzi Mama Helga alituma fedha za zawadi, akanunuliwa ng'ombe, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Flora akamwita Sifa, akapigwa naye picha, picha ikaenda Ujerumani.

Baada ya hapo Evodia alifanya kama tunavyofanya sote. Akampeleka Sifa kwa rafiki yake wa siku nyingi, Mzee Sixbert, kijiji cha mbali huko mbugani, akae na kundi lake. Akizaa, maziwa atakamua Sixbert, ndama ni wa Evodia. Nani mwenye akili huku anaweka mifugo yake yote zizi moja? Ugonjwa ukiingia si unabaki na kamba mkononi?

Jumatatu akaja Christopher, mratibu wa kituo, na pikipiki yake.

"Shikamoo bibi. Mfadhili yuko Singida mjini. Keshokutwa anakuja kumwona Flora na ng'ombe wake."

Evodia akaitikia marahaba, akakaa chini. Mwaka jana kuna familia iliuza mbuzi wa zawadi, mtoto wao akafutwa kwenye orodha. Christopher mwenyewe ndiye aliyetutangazia mbele ya wazazi wote. Simu ya Sixbert tulipiga mpaka betri ikaisha, haipatikani. Kwenda na kurudi na ng'ombe kwa miguu ni siku nne.

Evodia hakula kitu cha maana. Alikuwa akifagia uwanja aliokwisha kuufagia, anasimama, ananiuliza, "Hajira, wakimfuta, bweni nitamlipia na nini? Kwa mdomo huu?"

Ndipo nikasema, "Chukua wangu. Si mwekundu? Si ana baka?" Baka lenyewe liko ubavuni, lakini nilijipa moyo kwamba Mzungu atajuaje.

Jumatano gari likaingia. Mama Helga, kibibi kifupi chenye kofia, alimkumbatia Flora mpaka sote tukafuta machozi. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile picha, imechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Akaitazama. Akamtazama ng'ombe wangu. Yarabi, nilitamani ardhi inimeze!

Christopher akatafsiri: "Anakuuliza, Flora, huyu ndiye Sifa?"

Flora akamgeukia bibi yake.

"Usimdanganye," Evodia akasema. "Huyu ni wa Hajira. Sifa nimemweka kwa Sixbert."

Christopher akabadilika uso. "Bibi, umeuza ng'ombe wa mtoto?"

Hofu yote ya siku tatu ikageuka hasira. "Nimeuza? Mwambie mama huyu, na usipunguze neno. Yeye mtoto wake kamweka kwangu miaka sita. Mimi ndiye ninayemwogesha akiugua, mimi ndiye ninayemsikia akicheka. Yeye kakaa kwao na picha. Kuna mtu amemuuliza kama kamuuza Flora?"

Christopher akafungua faili la watoto badala ya kutafsiri. Flora ndiye aliyetafsiri, kwa Kiingereza chake cha shule, akikwama, akirudia, akionyesha kwa mikono. Mama Helga akamsikiliza mpaka mwisho, akarudisha picha mkobani. Akasema twende kwa Sixbert.

Garini Evodia alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Na kama amekufa, Hajira? Na kama Sixbert amehama na kundi?" Christopher alikaa mbele, faili magotini.

Sixbert tulimkuta. Simu yake ilidumbukia kisimani, basi! Lakini ng'ombe wake walikuwa kama thelathini, vumbi tupu, wekundu watupu. Flora, aliyemwona Sifa mara ya mwisho likizo ya Desemba, akashuka na kuita, "Sifa! Sifa wee!" Evodia akafumba macho.

Mmoja akainua kichwa. Baka jeupe kwenye paji. Akaja polepole, ana mimba kubwa, akamlamba Flora mkono. Christopher akafunga faili lake bila kuandika neno.

Evodia hakufurahi bado. "Muulize," akamwambia Flora. "Muulize kama wanakufuta."

Flora akauliza. Mama Helga akajibu taratibu, mkono wake mgongoni kwa Sifa.

"Bibi, anasema asante kwa kumtunzia mtoto wake. Anasema niendelee kukaa kwako."

Evodia akakaa palepale kwenye samadi, akalia.