Upepo, Wadudu na Swali la Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku niliyooa. Siku hiyo baba yangu aliniuliza swali la uhai wake, nami nikamwitikia kwa kichwa bila kusikia hata neno moja. Wewe umenijia hapa gereji kuuliza namna ya kukabili upepo na wadudu katika gari lisilo na paa. Nitakueleza, maana nilikuwa bingwa wa mambo hayo. Utavumilia tu nianzie mbali kidogo.

Nilikuwa kijana, nimetoka Nakuru, napakia mizigo kwenye ghala moja hapa mtaa wa Nechells, huku Uingereza. Siku za mapumziko nilijifungia kwenye kigereji cha kukodi na gari langu. Lilikuwa gari kuukuu nililolikata paa, nikalishusha chini, nikalitia injini kubwa iliyokaa wazi bila boneti. Wenyewe Waingereza wanayaita hot rod. Kioo cha mbele kilikuwa kifupi, hakizuii kitu. Ukiendesha jioni ya kiangazi upepo unakutoa machozi, na kila mdudu wa shambani anakujia usoni. Nyuki akikupiga kwa kasi ile, utadhani umerushiwa kokoto.

Nikajifunza dawa yake. Miwani ya kukumbatia macho, si hii ya jua ya kuringia. Shali ya kuzungusha shingoni ikapanda hadi puani. Kofia ya ngozi yenye masikio, na pamba ndani ya masikio yenyewe, kwa sababu mngurumo wa upepo uliniachia kichwa kinauma hadi kesho yake. Na mdomo ufungwe. Anayecheka ndani ya gari la wazi hula asichokipika.

Mwaka huo baba akaja kututembelea. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini, na jambo zito hakulisema mbele ya mkaza mwana wala wajukuu. Nyumba yetu kule Handsworth haikukosa wageni. Watu wa kanisani walikuja kumwona mzee kutoka nyumbani, na birika halikupoa. Mimi nilikuwa ama kazini ama kwenye gari langu. Baba akawa ananitafutia nafasi tuwe wawili tu, nami sikujua kwamba natafutwa.

Jumapili moja alasiri akaniambia, "Nipeleke na mimi nikaone hilo gari lako linavyokwenda."

Nikafurahi kama mtoto. Mke wangu hakufurahi. "Mzee atashikwa na baridi," akasema. "Mvalishe hiyo jacket yako nzito. Na usi-drive vile umezoea."

Nikamvika jaketi, miwani na shali. Pamba alikataa; alisema masikio yake bado anayahitaji.

Tukatoka mjini hadi barabara za mashambani. Huko upepo ukavuma na wadudu wakaja kwa wingi. Baba akaniinamia, akateremsha shali aseme. Mdudu akamwingia mdomoni, akatema, akaendelea kusema. Sikusikia kitu. Ningefungua mdomo kumwomba arudie, lakini nilikuwa nimeufunika, na tena sisi tulilelewa kwamba baba hajibiwi "nini?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema tena, kirefu, nikaitikia. Kisha akanitazama, nami kwa adabu zangu nikaitikia mara nyingine. Akapandisha shali, tukarudi.

Tulipofika gereji nilizima injini nikakimbilia ndoo. Wadudu waliogandia kwenye rangi hawangoji; wakikauka wanaila. Nikasugua taa, kioo na pua ya gari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Baba hakushuka. Alikaa kitini, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, ananitazama. Nilidhani anapumzika. Nilipomaliza upande wa pili akasema, "Haya, twende nyumbani." Baada ya siku chache akapanda ndege.

Nilimpigia simu kila Jumapili. Tukaulizana hali, akasema hajambo. Kila mara kabla ya kuagana alinyamaza kidogo, nami nikadhani ni mtandao.

Miezi ikapita, ndipo dada yangu akapiga. "Kaka, Mzee ana uvimbe tumboni, na ametuficha tangu kabla aje huko kwenu. Amekataa kuenda kupasuliwa. Anasema uamuzi amekuachia wewe kifungua mimba wake. Sasa wewe unangoja nini?"

Nikasafiri. Nilimkuta amekonda, amekuwa mdogo kitandani. Nikapiga magoti nikamwambia kweli: baba, siku ile garini sikusikia kitu.

"Najua," akasema. "Nilikuuliza nikubali kisu, au nikatae. Ukaitikia kwa kichwa. Swali kama hilo haliitikiwi kwa kichwa."

"Mbona hukunirudia, baba?"

"Nilikaa pale garini nikingoja uniulize. Wewe ukawa unaosha gari."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Daktari alituambia wakati wa kisu ulikwisha kupita, na tulimzika kabla ya mvua. Je, kisu kingemponya? Sijui, wala sitajua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu mimi ni zima, mwanangu. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Na hilo gari nililiuza kwa mtu wa Alum Rock, sikuuliza amelifanyia nini.

Basi sikia. Miwani nunua iliyo bora, macho hayana duka. Shali iwe ya pamba. Ya sufu itakuwasha. Wadudu wafute wakiwa wabichi. Lakini ukimpakia mtu, hasa mzee, na hasa mzee asiyependa magari, jiulize kwanza amepandia nini. Ukimwona anataka kusema, ingia kando, zima injini, toa kila kilichomo masikioni. Kama hukusikia, sema hukusikia. Kuuliza si ujinga, wala si kukosa adabu. Kukosa adabu ni kuitikia usilolisikia. Na hata ukifika nyumbani, hata mwezi ukipita, bado unaweza kuuliza. Mimi nilikuwa na Jumapili zote zile. Rangi ya gari hupakwa upya.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe barabara kavu na macho mazima, na wale wanaokupenda awaache hai mpaka uwe umewauliza.