Zoila na Paa la Leonidas

Zoila Caiza anauza mahindi ya kuchemsha kwenye kona ya kanisa tangu tukiwa wasichana, na hajawahi kumpa mtu mahindi bila kumwagiza jambo. "Vaa sweta." "Zima gesi." "Mpigie mama yako." Hata padri, Zoila humwambia, "Funga kamba za viatu, utaanguka," kama mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mimi sipendi kuamrishwa, na marehemu mume wangu alilijua hilo. Lakini Zoila akisema nifunike pipa la maji, nafunika.

Mwaka mmoja mlima wa volkano ulio juu yetu ulitema jivu. Lilianguka kimya, mchana na usiku. Ng'ombe walitokwa na ute mdomoni, kuku wakawa wanaingia bandani jua likiwa juu. Zoila alijifunga kitambaa puani, na agizo likawa moja tu: "Fagia paa likiwa kavu."

Tukapanda, tukafagia. Isipokuwa Leonidas, fundi viatu, mgane, aliyekaa nyumba ya babu yake yenye vigae vizito na boriti za zamani.

"Leonidas, fagia paa."

"We mwanamke, ulinioa lini?"

"Ningekuwa nimekuoa, lingekuwa limeshafagiwa."

Watu wakacheka. Leonidas akatafuna mahindi yake. "Mvua inakuja, italiosha bure. Mungu ana maji, mimi nina mgongo."

Zoila hakucheka. "Jivu likinywa maji linakuwa zege. Fagia leo."

"Kesho, bibi we."

Hiyo kesho haikucha vizuri. Mlima tuliozoea kuusikia ukinguruma ulikuwa umenyamaza, na mbwa nao pia. Kisha matone yakaanza, mazito, ya matope. Zoila akaacha sufuria motoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaenda mbio kwa Leonidas. Nikamfuata na magoti yangu haya.

Ndani tulisikia nyundo ikigonga soli. Juu yake boriti zilikuwa zinalia.

"Leonidas, toka!"

"Nina kiatu cha watu mkononi!"

"Toka nacho!"

"Paa nitalifagia kesho!"

Tukasukuma mlango. Haukwenda. Paa lilikuwa limeshaukalia, fremu imepinda. Nyundo ikanyamaza.

"Zoila," akaita, na sauti haikuwa yake tena. "Mlango haufunguki."

"Njoo dirishani. Vunja mbao kwa nyundo. Vunja, usinitazame! Sasa inama. Toa kichwa. Leta mkono."

Kila alichoambiwa alifanya, yeye aliyekuwa hasikii la mtu. Tukamvuta kwa shati kama mbuzi. Miguu ilikuwa haijagusa chini vizuri tuliposikia mshindo, na vumbi jeusi likatoka pale dirishani alipopitia.

Alikaa kwenye matope akiegemea ukuta, kiatu cha watu kifuani. Alitaka kusema kitu.

"Usiseme," Zoila akamwambia. "Inuka. Usikae chini ya ukuta."

Akainuka. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na ukuta ule ulisimama mpaka jioni tu.