Kireno Changu

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa shule ya wasichana Ibra, Omani, na majirani walishaanza kunionea huruma, bibi mmoja wa Sur aliposema kwamba mimi sina asili. Hakuniambia mwenyewe. Alimwambia mjukuu wake, ambaye tayari alikuwa ameleta posa kwetu, na mjukuu akaja kunieleza huku akitazama viatu vyake.

"Bibi anasema nyinyi mmetoka Msumbiji. Nani anajua mmechanganya damu na nani."

Nikamwuliza, "Na wewe unasemaje?"

Akasema bibi ndiye aliyemlea. Baada ya miezi mitatu akaoa msichana wa Nizwa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba wao nao walitoka Afrika. Bibi yule aliishi Unguja miaka thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Ila walirudi Omani mapema, wakajenga, wakasahau. Sisi tulifika mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya baba kufunga duka lake kaskazini ya Msumbiji. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, nimesomeshwa Kireno tangu darasa la kwanza. Ibra hakikunifaa kwa lolote. Mchumba wangu tu ndiye aliyekipenda. Alikuwa akijisifu kwa kila mtu kwamba anaoa msichana anayesoma Kireno, na kwa bibi yake alijisifu pia.

Basi nikakaa na uchungu wangu miaka kumi na moja. Watu husema hasira hupungua. Yangu ilinenepa. Kila niliposikia harusi ya watu wale niliuliza kama yule nahodha wao ametajwa, na siku zote alikuwa ametajwa. Huyo alikuwa baba yake mkubwa bibi, kaka wa baba yake, fahari ya ukoo mzima: amezama na chombo chake baharini, amekufa shahidi. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatwa na kamba ujanani, na hata kidole hicho kilikuwa na hadithi yake.

Mwaka 2003 mtoto wa mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi Lisbon, alikuja kututembelea. Akatusimulia kwamba zamani, Wareno walipokuwa wakitawala Msumbiji, waliwakamata watu wa Sur pwani ile wakisafirisha watumwa, wakawahukumu, wakawavusha hadi upande wa pili wa Afrika, Angola, wakatumikie kifungo. Orodha zao zipo, akasema, yeyote anaweza kuomba kuziona. Nilimwomba anitolee nakala. Nilimwambia napenda historia. Uongo mtupu. Nilitaka kitu cha kumrushia yule bibi usoni.

Nakala zilifika kwa posta, kurasa kumi na tisa. Nilizisoma jikoni kwa siku mbili, jina baada ya jina, na mama akapita akaniuliza, "Miaka yote hii, hujachoka tu?" Sikuchoka. Katika ukurasa wa kumi na nne nilimkuta. Jina lake, jina la baba yake, mji wa Sur, kazi yake nahodha, mkono wa kushoto hauna kidole cha shahada. Kosa: kukutwa na watumwa, wengi wao wanawake na watoto. Pembeni, kwa wino mwingine, tarehe aliyofia gerezani Angola, baada ya kufungwa miaka kumi na sita. Niliinuka nikacheza pale jikoni peke yangu.

Jumamosi iliyofuata niliendesha gari mpaka Sur. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya maneno. Nilimkuta bibi amekaa kwenye godoro, mdogo kuliko nilivyomtarajia, macho yake yanaona vizuri. Nikamwamkia shikamoo, nikampa jina la baba yangu. Akanitambua mara moja.

"Marhaba. Wewe ndiye mwalimu wa Ibra."

"Ndiye mimi, bibi. Yule asiye na asili. Nimekuletea yako."

Nikamsomea. Nilitafsiri polepole ili lisimpite hata neno moja: mfungwa, watumwa, wanawake na watoto, Angola. Nikamwuliza ni nani sasa aliyechanganya damu za watu. Nilitaka nimwone akiinamisha kichwa.

Hakuinama. Alimwambia mkwewe aliyekuwa akitumiminia kahawa atoke na afunge mlango. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Alikufa baada ya miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Akafumba macho. "Basi ni kweli."

Akanieleza, kwa sauti ndogo. Nahodha alikuwa mume wa kwanza wa mama yake. Alipopotea, mama yake alisubiri miaka minne, kadhi akahukumu kwamba amekufa, akakaa eda, akaolewa na mdogo wake nahodha. Akazaliwa yeye bibi. Ana siku arubaini, ikaja barua mikononi mwa mabaharia, imezunguka miaka mpaka imechoka. Imeandikwa kizungu cha Wareno yote, ila chini kuna jina la nahodha kwa Kiarabu, kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake akalijua jina. Hakumwonyesha mtu. Alimpa yeye siku ya kufa kwake, akamwusia asimpe yeyote akaisoma.

"Mama yangu aliolewa, wallahi, huku mumewe yu hai," bibi akasema. "Mimi ni mtoto wa nini, mwanangu? Maisha yangu yote najiuliza. Basi mjukuu akanijia na furaha yake, anataka kunitilia ndani ya nyumba msichana anayesoma Kireno. Nikaogopa ataiona barua ile aisome. Nikasema la damu, kwani hilo watu hawalihoji."

Miaka kumi na moja nilijitazama kwenye kioo nikitafuta alichokiona. Kumbe hakuona kitu. Nilighadhibika kuliko siku ile posa ilipovunjika.

Alifungua kasha, akatoa kitambaa, ndani yake barua. "Nimezeeka. Sasa nataka kujua. Nisomee."

Nilisoma kimoyomoyo. Karani wa gereza aliandika kwa mwandiko mzuri, tarehe kwa maneno, hakuna tarakimu. Ilikuwa ya mwaka wa pili wa kifungo, miaka miwili kamili kabla ya hukumu ya kadhi. Nahodha alisema hatatoka. Alisema siku ile amempa mkewe talaka, mbele ya mashahidi wawili wa Sur waliofungwa naye, asimsubiri. Mkewe akiridhia kuolewa na mdogo wake nahodha, yeye atashukuru.

Bibi yule alizaliwa katika ndoa safi isiyo na doa, kwa kauli ya nahodha mwenyewe. Sentensi moja kutoka kinywani mwangu ingemtua mzigo wa miaka tisini. Alikuwa ameegemea mbele, mkono wake umeshika goti langu.

Nikaikunja barua kama nilivyoikuta.

"Hiki ni Kireno cha zamani, bibi. Sikielewi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikamuaga, nikarudi Ibra. Sitasema nilijuta. Nililala vizuri usiku ule na usiku uliofuata, na mama aliponiuliza nimemwambia nini yule mzee, nilimjibu kwamba tumekunywa kahawa.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Mjukuu wake alinipigia simu, sauti ile ile ya mtu anayetazama viatu vyake, akanipa habari. Akasema bibi aliniulizia mpaka siku ya mwisho: eti yule mwalimu ameshajifunza Kireno cha zamani? Atakuja lini? Wao hawakujua anazungumza habari gani, wakadhani umri umemchanganya.

Nilimwambia Mungu amrehemu. Nikaweka simu chini, nikarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi.