Kahawa ya Wageni na Printa ya Sista

Enzi zetu kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama sofa la sebuleni, na huigusi mpaka unawe mikono. Pale misheni, Muleba, Sista alikuwa nazo mbili: kuukuu, iliyoelewana na printa, na mpya ya msaada, ambayo printa haikuisikia kabisa. Disketi yenye programu ya kuiendesha ilikuwa imeota ukungu.

Vita vya mpakani vilikuwa vimepita, ukimwi ndio ukawa unafunga nyumba. Rafiki yangu Byera alikuwa amezika wazazi wote wawili, na mjomba wake, mchuuzi wa samaki visiwani, alitaka kumchukua. Shule basi. Sista, aliyetufundisha kuandika vijiprogramu, akasema, "Printa ikiisikia mashine mpya, Byera atabaki aiendeshe, na atasoma."

Lo, tulivyochakarika! Tuling'oa vitaa vya redio mbovu tukaviunga kwenye nyaya nane za kebo ya printa, tujue kila herufi inatumwa vipi tuifundishe mashine mpya. Tunabonyeza herufi kwenye kompyuta kuukuu, printa tumeizuia isipokee, herufi inakwama njiani na vitaa vinabaki vimewaka. Karatasi za Sista haziguswi, kwa hiyo kila herufi tuliipanga sakafuni kwa mstari wake: taa iliyowaka, punje ya kahawa, iliyozimika, harage. Kahawa yenyewe tuliidokoa kwenye kopo la bibi yake Byera, mpishi wa misheni.

Siku tuliyomaliza wakaingia wageni kutoka mazishini. Mgeni kwetu asipopewa akamwani, kahawa ya kutafuna, hajakaribishwa huyo. Bibi kukuta kopo tupu, akaja ofisini akaokota punje zake zote.

"Waitu, jamani, mlitaka watafune maharage mabichi?"

Byera alilia hadi kamasi. Mimi nikachungulia mlangoni, nikawaona wazee wanatafuna herufi zetu taratibu, mmoja anasifu zilivyokauka vizuri. Nikacheka, Byera akanizaba kofi. Ghafla akapiga magoti. Maharage yalikuwa palepale. Kila penye pengo palikuwa na taa iliyowaka!

Tukaandika kijiprogramu chetu, na kabla jua halijazama printa ikaisikia mashine mpya, ikachapa jina la Byera kwa kelele za kupasua masikio. Mjomba akarudi visiwani peke yake.

Watoto wa leo wanachomeka waya, mashine zinasalimiana zenyewe, na bado wananuna eti zinachelewa. Waambie tulichapa kwa maharage, wanakuangalia kama umechanganyikiwa. Shahidi wangu ni Byera tu. Tukikutana kwake Kashai, darasa letu zima lililobaki hai halijazi benchi moja. Ananisogezea kahawa, tunatafuna, na tunayataja mapengo kwa majina yao.