Mashine Iliyongoja Kindu

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa ofisi yetu ya afya hapa Kasongo alinionyesha sanduku jeusi juu ya meza. "Hii sasa ni bibi yako wa pili, Papa Rashidi," akasema. "Jioni unaizima, batri isikufe. Asubuhi unaiwasha." Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka mvi zikaniota.

Sanduku lile lilikuwa seva ya wavuti, yaani mashine inayowapa watu kurasa wanapoziomba kwa simu. Antena zetu za vilimani zilizifikisha kurasa hizo hadi vituo vya afya vya eneo la Kabambare, na wauguzi walisoma humo dawa gani ipo kituo gani. Lakini seva haifanyi kazi bila faili la usanidi, yale maagizo ya kurasa zipi itoe na impe nani. Faili letu lilikaa makao makuu, Kindu. Kila ilipowashwa, mashine ililiomba kupitia sahani ya satelaiti, na mvua kubwa ikinyesha sahani haipokei kitu. Nimengoja sana maishani, vijana.

Niliomba tuweke nakala hapa. Direkta wa Kindu akakataa: "Faili ni moja tu. Mukikuwa na yenu, kila mutu ataigeuza vile anapenda."

Asubuhi moja ya mvua alinipigia Mama Feza, muuguzi wa kituo cha Salamabila. "Papa, nyoka imeluma mutu moja wa mashamba. Dawa iko wapi? Ukurasa iko inakataa kufunguka!"

Mashine ilikuwa bado inaiomba Kindu. Nikamwambia angoje kidogo.

"Huyu hawezi kungoja," akasema, akampakia kwenye pikipiki kwenda Kabambare mjini kwa kubahatisha. Mvua ilipokatika ukurasa ukafunguka: dawa ilikuwa kituo cha Lusangi. Mkulima yule alifia Kabambare, na mimi nililia ofisini mbele ya watu.

Nilimpigia direkta kwa hasira. Akashangaa kweli. "Lakini faili inaombwa wakati wa kuwasha tu. Juu ya nini munaiomba kila asubuhi?"

"Juu tunaizima kila jioni, Direkta. Huku iko jua na batri tu."

"Munaizima?" Kwao jenereta ilinguruma usiku kucha, hakuwahi kufikiri kwamba seva inaweza kulala.

Basi akaruhusu. Tangu hapo seva iliiomba Kindu kwanza, na ikikosa jibu ilitumia faili la mwisho ililopokea. Miaka yote iliyofuata mvua haikutufungia ukurasa.

Sasa nimestaafu, mgongo umekwisha. Imekuja mashine mpya na shefu mpya, na nakala ya hapa imeondolewa kwa amri ya Kindu. Nimekwenda kuwaeleza mpaka nimechoka. Wananipa chai, wananisikiliza kwa adabu, hawabadilishi kitu. Kwa hiyo kila jioni, kabla hawajazima, naufungua ukurasa na kuupiga picha kwa simu.

Juzi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama Feza alinipigia, hata hakunisalimu. "Papa, dawa ya nyoka iko wapi?"

Nikaitazama picha. "Lusangi, Mama. Kimbiza."

Mgonjwa alifika. Mimi nimechoka, lakini simu yangu siizimi.