Mistari Niliyowashia Pasi

Nakumbuka Jumatano moja, chumbani kwa Mama Mutheu hapa Kibera, na kabla sijasema neno nitawataja waliokuwepo, kwa maana mtu asipotajwa hupotea. Alikuwepo Mama Mutheu mwenyewe, Mkamba wa Kitui, fundi wa nguo na mwalimu wetu. Alikuwepo Jerusa Awino, Mjaluo, mwanafunzi mwenzangu niliyelala naye kitanda kimoja miaka miwili. Nilikuwepo mimi Nekesa, niliyetoka Bungoma nikiwa nimeishia darasa la tatu. Na wa nne alikuwa Syombua, mama yake Mama Mutheu. Huyo alishakufa, lakini namhesabu, kwa sababu karatasi yake ilikuwa sandukuni.

Mwanangu, ngoja nikueleze hiyo karatasi, maana ndiyo habari yenyewe.

Ilikuwa karatasi ya kaki, kubwa kama shuka ya mtoto. Syombua alikuwa ameichora kwa mkono wake: mistari ya gauni, na juu ya gauni mistari ya mikono mirefu, na ya mikono mifupi, na ya kola, na ya mama mjamzito, na katikati yake mistari mingine mingi ambayo sikuwahi kuiona ikishonwa. Ilikaa kwenye sanduku la mbao, chumba cha ndani. Mama Mutheu alikuwa na sheria moja tu, na hata ukimwamsha usingizini angekuambia hiyo: karatasi haivuki mlango. Cherehani zilikuwa nje kibarazani, karatasi ndani. Havikukutana.

Basi nguo inashonwaje? Unaingia ndani, unatandika juu yake karatasi laini ile ya kufungia viatu vipya, inayoonyesha kilicho chini, unanakili kwa penseli. Unanakili mistari yote, hata usiyoihitaji. Ukimaliza ndipo unakata vipande ambavyo nguo ya leo haivitaki, unaunganisha vilivyobaki kwa uji wa unga. Kichwani unabandika kipande kigumu ili pasichanike, na chini unaacha mkia mrefu wa kushikia. Hapo ndipo nakala inatoka nje kwenye cherehani. Haikai. Nguo mbili tatu imeraruka, unaitupa, unarudi ndani kunakili tena. Nakala moja ukiiunga hivi inakupa gauni la kanisa, ukiiunga vile inakupa la kulea mimba.

Mimi hiyo kazi ilinichosha. Ujana, mwanangu, ni kama sufuria ndogo, huchemka upesi na kumwaga.

Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimetumwa Kawangware, kwa Fundi Karanja, kuchukua vifungo. Nikakuta maajabu. Karanja alikuwa na chumba kimoja, meza moja, hana sanduku wala mlango wa ndani. Mke wake alikuwa anachora kaptura ya shule upande huu wa kitambaa, na upande ule Karanja ameshaanza kushona! Mchoro haujaisha, mguu mmoja wa kaptura ushapata pindo. Nikasimama mdomo wazi.

"Wewe ni wa kwa yule Mkamba?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, fundi."

"Nyinyi watu wa Kibera nguo huwa mnaishona ama mnaiombea?"

Wakacheka, na kicheko hicho nilirudi nacho nyumbani kimenikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Sasa Jumatano. Tulikuwa na magauni kumi na mawili ya kwaya, ya samawati, yote ya namna moja. Asubuhi Jerusa alinakili nakala yake, akaikunja kabla hajaikata, akasema tumbo linamuuma, akaenda kujilaza. Mama Mutheu akaenda mjini kununua nyuzi. Nikabaki na sanduku na mkasi na maneno ya Karanja.

Nikawaza: kwa nini kila siku ninakili mistari hii yote kisha niikate nitupe? Si afadhali niikate mara moja tu, kwenye karatasi yenyewe, libaki gauni peke yake? Nikaona nina akili kuliko waliokufa. Nikaitoa karatasi, nikavuka nayo mlango, nikaiweka mezani kibarazani. Nikakata. Vile vipande visivyokuwa vya gauni la kwaya nikavikusanya, nikavitumia kuwashia makaa ya pasi. Vilishika moto vizuri sana. Karatasi kuukuu haina ubishi.

Jerusa akatoka akanikuta. "Nekesa! Unafanya nini?"

"Ninapunguza kazi. Wewe endelea kushika tumbo."

"Umetukata sisi sote," akasema, wala hakucheka.

Mama Mutheu alirudi jua likiwa bado juu, nyuzi kwapani. Aliangalia meza, akaangalia pasi. Nilingoja kofi, na hadi leo natamani angenipiga, maana kofi huisha. Aliketi kwenye kigoda, akaniuliza polepole:

"Mwiitu wakwa, binti yangu, ile mistari uliyochoma, ulijua ni ya nini?"

"Sikujua, Mama."

"Mimi pia mingine sikujua. Mama alikufa kabla hajamaliza kunifundisha. Nilikuwa nangoja nikue, niielewe."

Magauni ya kwaya tuliyamaliza, yakatoka mazuri, watu wakayasifu. Lakini gauni la mjamzito halikushonwa tena, wala la mikono mirefu kama alivyolijua Syombua. Mwezi wa pili baada ya hapo Jerusa aliolewa, akaondoka. Mama Mutheu macho yalianza kumsumbua, akarudi Kitui. Niliagana naye akanipa mkono wote, akanibariki, na hilo ndilo lililonimaliza. Sikuomba msamaha. Ulimi ulikuwa mzito kama pasi. Nilipopata habari zake, alikuwa ameshazikwa.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuja kweli, anaitwa Naliaka, anasoma mambo ya viumbe chuoni. Juzi hapa kwangu, mtaa wa Raila, mimi nachambua maharagwe, yeye anasoma kwa sauti kwa ajili ya mtihani.

"Kukhu, bibi yangu, sikiza hii. Ndani ya karibu kila seli yako kuna maandishi yanaitwa DNA. Yanakaa kwenye kiini, hayatoki. Yakihitajika, jeni moja inanakiliwa, na nakala yake inaitwa RNA."

Nikaacha maharagwe. "Endelea."

"Nakala inawekewa kofia kichwani na mkia mwishoni. Vipande vingine vya katikati vinakatwa, vinavyobaki vinaunganishwa. Ndio inatoka nje ya kiini kwenda kutengeneza protini. Na jeni moja ikiunganishwa tofauti, inatoa protini tofauti."

"Na wale wasio na chumba cha ndani?"

Akanitazama kama nimefufuka. "Kukhu, umejuaje? Hao ni bakteria! Hawana kiini. Nakala ikiwa bado inaandikwa, protini imeshaanza kutengenezwa. Na kofia kama yetu hawana, na kukata ni kwa nadra sana."

"Hao nimewaona Kawangware," nikamwambia. "Na hivyo vipande vinavyokatwa, ni takataka?"

"Zamani wengi walidhani hivyo. Siku hizi wanaogopa kusema. Vingine vimeonekana vina kazi. Vingine bado hatujui."

Bado hatujui. Nilisikia sauti ya Mama Mutheu kigodani. Nikaingia chini ya kitanda, nikatoa gauni langu la kwaya, la samawati, maana nami niliimba kwaya ile, nimelitunza miaka yote hii. Nikamwambia Naliaka kwamba nimewahi kulifumua, nikalinakili, nikitafuta karatasi ya Syombua. Nilipata gauni tu.

"Haiwezekani, Kukhu. RNA ikishakatwa haikuambii nini kilitolewa. Labda upate nakala ya kwanza, kabla ya mkasi. Hiyo huwa na kila kitu."

Mwanangu, hapo nikakumbuka. Nakala ya Jerusa! Aliikunja kabla hajaikata.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Ulichorithi kiache sandukuni, toa nakala, na nakala ndiyo uikate upendavyo. Usimdharau Karanja: kazi yake ya haraka ilivika watoto wa shule, na bakteria wameishi hivyo tangu dunia ianze. Ila usichukue haraka ya nyumba isiyo na sanduku ukaileta kwenye nyumba yenye sanduku. Usilolielewa usilichome, huenda linangoja ukue. Na msamaha uombe mtu akiwa bado anasikia.

Mungu awape mikono mitulivu na macho yasiyochoka. Awape wa kuwafundisha, na muda wa kumaliza kufundishwa. Mkikosea, awape mtu wa kuwauliza polepole.

Na sasa mimi ndiye ninayeomba. Nimezeeka, huenda nimechanganya. Kama Syombua hakuitwa Syombua, watu wa Kitui nisahihisheni. Kama ilikuwa Alhamisi, semeni. Lakini nakumbuka Jerusa akiondoka siku ile ya harusi, na kifuani ndani ya sweta kitu kilikuwa kinachakarisha kama karatasi laini. Kama nakumbuka vibaya, Jerusa, au binti zako, niambieni kwa upole. Na kama nakumbuka vizuri, msiikunjue nakala hiyo kwa haraka. Ileteni ilivyo.