Uzito wa Mtoto wa Minza

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwenye zahanati moja kando ya ziwa, upande wa Magu, nikiwa na sare mpya na cheti cha uuguzi ndani ya bahasha. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinionyesha mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti. "Hapo ndipo utakaposhinda," akasema. Nilishinda hapo miaka mitano.

Mtoto alivalishwa kikaptula cha kitambaa, akatundikwa kwenye ndoano, nasi tukasoma mshale. Kisha tuliweka nukta kwenye kadi yake. Nukta zikipanda ndani ya njia ya kijani, mama alisifiwa; zikilala, aliulizwa. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuuliza, na mwepesi zaidi wa kujijibu. Mganga Mfawidhi alinisifu kwamba kliniki yangu huisha kabla ya saa sita, na sifa hiyo niliipenda kupita kiasi.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia. Maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa chuoni sasa yalijaa vitu, na maziwa ya kopo ya watoto yalipangwa mbele. Wengi tuliyaona kuwa ndiyo maendeleo.

Minza alikuwa mkulima wa pamba, binti aliyezaa kwa mara ya kwanza. Alimleta mwanawe Masunga, mwenye miezi miwili. Nukta ya siku hiyo ilikaa karibu palepale ilipokuwa ya mwezi uliotangulia.

"Ananyonya kutwa, sista, lakini hatosheki," alisema. "Na mimi chuchu zimechubuka."

Sikuinua macho kutoka kwenye kadi. "Maziwa yako hayatoshi. Kanunue ya kopo."

"Mama mkwe amenikataza."

"Kwani mama mkwe ndiye nesi?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikaona fahari.

Alinunua. Kopo lilipokaribia kuisha alizidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi, na chupa aliisuuza kwa maji ya ziwani. Mimi sikuwa nimemweleza lolote kuhusu kuchanganya wala kuchemsha. Wiki ya tatu alirudi amempakata Masunga, mtoto anaharisha, macho yamezama, akilia hatoi machozi. Nilipanda nao gari lililokuwa likienda hospitali ya mjini.

Wodini tulipokewa na Muuguzi Msimamizi, mama mtu mzima ambaye sisi wote tulimwogopa. Alianza kumnywesha mtoto dawa ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko, kisha akamgeukia Minza.

"Nani alikwambia umpe huyu maziwa ya kopo?"

Minza alinitazama. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, kadi ya mtoto mkononi. Akainamisha kichwa. "Ni mimi mwenyewe, sista."

Alikaripiwa mbele ya wodi nzima. Aliambiwa kwamba akina mama wa siku hizi wanapenda mambo ya dukani kuliko watoto wao. Nilisikia kila neno, nami nikanyamaza. Siku zote walizolazwa nilikaa mjini, nikija wodini kila asubuhi.

Siku iliyofuata, Masunga alipopata nguvu, Muuguzi Msimamizi alivuta kiti. "Haya, mnyonyeshe nione." Akatazama, kisha akaniita. "Nesi, unaona? Anavuta chuchu tu. Hakuna maziwa yatakayotoka hivyo, na mama ataumia bure." Akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, akangoja kinywa kipanuke, akamsogeza hadi weusi unaozunguka chuchu ukaingia kinywani. Baada ya muda tulimsikia akimeza. "Ulipomwona kliniki, ulimtazama akinyonya?"

"Ndiyo," nikasema.

Ulikuwa uongo, na Minza alikuwa ameketi pale pale. Alimwinamia mtoto.

Masunga alipona. Minza aliendelea kumnyonyesha mara kwa mara hadi maziwa yakarudi, na kopo likaachwa. Lakini nukta zake zilizopanda sikuziweka mimi. Alimhamishia kliniki nyingine, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Baadaye nilihamishiwa Mwanza mjini, nikafanywa mwalimu wa wauguzi wapya katika somo la unyonyeshaji. Niliwafundisha watazame mtoto akinyonya kabla ya kusema lolote, nikasifiwa kwa umakini. Sikuwaambia nilijifunzia wapi.

Nilipostaafu nilikwenda kumtafuta Minza. Nilimkuta nyumbani kwake anaanua mpunga uliokuwa umeanikwa kwenye turubai. Masunga alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Alinisalimu shikamoo, akaondoka na ng'ombe. Nilimweleza Minza yote, pamoja na ule uongo, nikaomba radhi.

Alikunja turubai mpaka akamaliza.

"Siku ile sikukutaja kwa sababu nilidhani utasema mwenyewe," alisema. "Nikadhani labda kesho yake. Tulikaa pale siku nne, sista, na kila asubuhi ulipokuja nilikungoja useme."